Hasira za Mwalimu

6 Februari

Shemeji Tabibu,

Anayekukabidhi barua hii ni dada yako mwenyewe. Nimeona niandike kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kupandishiana sauti, na jambo hili halitaki sauti.

Namleta kwenu apumzike. Sikusema namwacha. Shika neno hilo, kesho na keshokutwa mtu asije akasema seremala alimfukuza mke wa miaka kumi na tisa. Apumzike yeye, nami nipumue. Nyumba imekuwa nzito. Mwalimu (unajua hata mimi mumewe humwita hivyo) amegeuka mtu nisiyemjua. Hasemi, na akisema ni mkuki. Siku hizi binti yetu anafanyia kazi zake za shule karakanani kwangu, kwenye vumbi la mbao na kelele za msumeno. Anasema huko ndiko kuna utulivu.

Kufundisha ameacha tangu Novemba. Atakueleza mwenyewe akipenda.

Wewe ni nduguye wa tumbo moja, tena mtu wa dawa. Mtazame. Huenda kwako ataongea.

Shemeji yako,
Seremala


11 Februari

Shemeji,

Barua yako imefika ikiwa wazi. Aliifungua ndani ya basi, akaisoma yote, akanikabidhi bila kuficha. "Shika," akasema, "stakabadhi ya mzigo wako." Kisha akaingia chumba cha wageni, akalala na viatu miguuni.

Nimekaa naye siku nne. Amekonda, mashavu yamebonyea. Mimi ndiye niliyemtibu mawe ya figo mara tatu ndani ya miaka minne, kila safari nikimwona akijikunja kwa maumivu ambayo wanaume wazima huyalilia mama zao, na hakuwahi kutoa chozi. Jana amelia kwa sababu nilimuuliza kama anataka chai.

Mimi si mtoto, shemeji. Mtu haharibiki hivi peke yake. Mke si kiti kilichovunjika mguu, ukirudishe kwa waliokuuzia. Nimempa dawa kidogo ya kumtuliza, na anaendelea na vile vidonge vya kuimarisha mifupa ninavyomtumia tangu mwaka juzi. Lakini moyo hauna kidonge kwenye kabati langu.

Niambie ukweli. Ulimfanya nini dada yangu?

Tabibu


19 Februari

Shemeji,

Umeniuliza nilimfanya nini. Haya, kaa kitako usome alichonifanya yeye. Mwamba ngoma huvutia kwake, nawe umeivuta yako mpaka ngozi inataka kupasuka.

Yalianza tangu jiwe la kwanza, miaka minne nyuma. Kwanza uchovu. Anatoka shule, anakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba begani, hata kuuvua hataki. Chakula hana hamu nacho. Nimepika mimi, shemeji, mimi mwenye vidole vya gundi, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Tumbo linafunga siku nne, siku tano, ananuna kama mimi ndiye niliyelitia kufuli.

Maji. Yale tuliyokuwa tukichemsha yakatutosha siku mbili sasa hayafiki jioni. Anakunywa, anakwenda chooni, anarudi, anakunywa. Kwenye mkutano wa wazazi aliinuka mara sita mwenyekiti akizungumza. Watu wakasema ana dharau.

Anasahau. Mwezi wa tisa aliandika hesabu ubaoni, akafika katikati, akabaki na chaki hewani. Watoto wakangoja. Kengele ikalia, wakatoka, yeye bado amesimama. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akinipigia hesabu za mbao kichwani kabla sijafungua futi!

Mwaka jana alivuta dirisha lililokwama, kifundo cha mkono kikavunjika. Dirisha nililitengeneza mimi, kwa hiyo lawama nayo ikawa yangu.

Hili la mwisho sikutaka kuliandika. Nikimshika bega anaruka kama nimemchoma kwa pasi. Nikigeuka kitandani nikamgusa ubavu, anasema, "Niache, unaniumiza." Mimi, ambaye sijawahi kumwinulia hata kidole. Basi nikaacha kumgusa. Huu mwaka wa pili. Mwanamume anajua maana ya hayo bila kuandikiwa.

Sasa nijibu wewe: nani amemharibu nani?

Seremala


27 Februari

Shemeji,

Naanza na samahani, maelezo yafuate.

Barua yako niliipokea hapa kituo cha afya, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Iliniudhi sana. Nikaingia nayo chumba cha vidonda alikokuwa Mama Zamu, muuguzi wetu mkuu, ambaye aliajiriwa kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Nilitaka mtu wa kuungana nami kukulaani. Nikamsomea kwa sauti: uchovu, tumbo kufunga, kiu, kukojoa, kusahau, mfupa kuvunjwa na dirisha. Alikuwa anakunja bendeji, wala hakuinua kichwa.

"Huyo yuko kitanda cha ngapi?"

"Nani?"

"Huyo mgonjwa unayemsoma."

Nikamwambia si mgonjwa, ni dada yangu, na hii ni barua ya mumewe analalamika.

"Basi mumewe anaandika historia ya mgonjwa vizuri kuliko ninyi," akasema. "Na hayo mawe unayomtibu kila mwaka, yanatoka wapi?"

Shemeji, kwa miaka minne nimeuliza mawe yako wapi na yana ukubwa gani. Yanatoka wapi sikuuliza hata siku moja. Nilimwambia anywe maji, nikamdunga sindano ya maumivu, jiwe likapita, tukashukuru Mungu. Mawe ninayo kwenye daftari moja, mifupa kwenye jingine, huzuni sikuiandika popote, maana nilidhani ni mambo ya nyumbani kwenu.

Jioni hiyo nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni. Nikabonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, polepole tu. Akauma meno. Nikabonyeza ubavu. Akashika mkono wangu. Hakuwa anakukataa, shemeji. Mifupa yenyewe ilikuwa inauma.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," akanijibu. "Nilisema unaniumiza. Ulitaka nisemeje?"

Nimechukua damu. Kipimo ninachokitaka hapa hatuna, sampuli imeondoka leo na gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, ndani ya kisanduku cha barafu. Sitaki kusema zaidi mpaka majibu yarudi. Mwambie binti yenu mama anamsalimia. Ni kweli anamsalimia, sikutunga.

Tabibu


8 Machi

Shemeji,

Majibu hayakungoja karatasi. Walipiga simu, na maabara haipigi simu kwa habari njema. Kalsiamu, yale madini ya chokaa yanayojenga mifupa, kwenye damu yake ni 3.6. Haitakiwi kuvuka 2.6. Aliyepiga akaniambia, "Mlete leo. Usiseme kesho."

Njiani aliniita kwa jina la baba yetu marehemu. Akanishauri nisome kwa bidii.

Sasa yuko wodini, dripu mikono miwili. Anayemwangalia ni daktari wa magonjwa ya homoni, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayesema polepole kama anamsomea mtu imla. Amenieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine nne, kila moja ndogo kama dengu. Kazi yake ni kuangalia kiasi cha kalsiamu katika damu. Ikipungua, zinatoa homoni inayochota akiba kwenye mifupa. Ikitosha, zinanyamaza. Moja ya tezi za dada imevimba na haitaki kunyamaza. Kwa miaka imekuwa ikichota tu, usiku na mchana. Mifupa inabaki mitupu. Damu inajaa madini, na figo ndizo zinazoachiwa kuyatoa: zinamwaga maji mengi, ndiyo kiu ile, na yanayobaki yanaganda kuwa mawe. Tumbo linalala. Akili nayo inafunikwa. Uchovu, kusahau, machozi, hasira, vyote vina nafasi humo.

Ultrasaundi imeonyesha mawe figo zote mbili, na figo ya kushoto imesinyaa. Zote kwa pamoja zinafanya kazi kama theluthi ya kawaida. Nimeagizwa kusimamisha dawa zote alizokuwa anatumia.

Yule daktari aliniuliza mbele ya wanafunzi wake, "Kalsiamu ya mgonjwa huyu ilipimwa lini mara ya mwisho?" Nikasema kituoni kwetu hatuna kipimo hicho. Ni kweli hatuna. Lakini hilo si jibu, naye alijua si jibu, akageuza ukurasa.

Tezi hiyo itatolewa kwa upasuaji, kwanza kalsiamu ishuke. Kama una la kumwambia, usichelewe.

Tabibu


14 Machi

Shemeji,

Nimeisoma mara tatu. Kisha nikachukua punje ya dengu jikoni, nikaiweka juu ya meza ya karakana, nikaitazama. Kitu cha ukubwa huu ndicho kimenilaza miaka miwili upande wa pili wa kitanda? Binti yetu akaniuliza natafuta nini. Nikasema msumari.

Nilitaka kupanda basi siku ileile. Nikafika mpaka kituoni, nikarudi. Usinicheke. Nina jambo sikukueleza, na siwezi kumtazama usoni kabla sijalitoa kwa mtu.

Nilipokuandikia kwamba ameacha kufundisha, hakuacha mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja mwalimu mkuu alikuja karakanani kukagua madawati aliyoniagiza. Akapapasa moja, akasifia ukwatuzi, kisha akaniambia Mwalimu amekuwa mzigo, wazazi wananung'unika, ni heri aombe mwenyewe kuacha kuliko kusimamishwa kwa aibu. Nikasema nitazungumza naye. Sikuzungumza naye. Nilikwenda nikaandika barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko wangu, nikampelekea kitandani atie sahihi. Ilikuwa ile wiki ya jiwe la tatu, bado hana nguvu.

Aliisoma. Akaniambia, "Wewe ni mwoga. Umenichimbia kaburi kwa mwandiko mzuri." Akasaini, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakuniambia neno la maana mpaka alipopanda basi la kuja kwako.

Nikiisoma barua yako naona kumbe hata maneno yale yalikuwa ya ugonjwa. Damu imejaa madini, mtu anasema asichokijua. Imenipa nafuu, Mungu anisamehe, lakini imenipa nafuu. Usimwambie kama nimekuandikia haya.

Seremala


2 Aprili

Shemeji,

Usishangae ukimya wangu. Siku kumi na tisa hizi sikuwa na mkono wa kuandika.

Kalsiamu ilikataa kushuka kwa wiki nzima. Ikashuka, homa ikaja. Homa ikaondoka, figo zikazidi kuchoka, miguu ikavimba, wakaanza kuzungumza habari za mashine ya kusafisha damu. Ulipiga simu mara mbili nikakuambia anaendelea vizuri. Nilikudanganya. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, nikitazama mlango uliokuwa umefungwa.

Tarehe 28 walimpasua. Saa moja na nusu tu. Daktari alinionyesha kilichotoka, kimelala ndani ya kopo: kama kokwa la zeituni, rangi ya kahawia. Nikatamani kukitukana.

Kesho yake midomo ilimfa ganzi, vidole vikajikunja. Nikadhani tumempoteza. Kumbe mifupa, baada ya kuibiwa miaka yote ile, sasa inanyonya kalsiamu kama ardhi kavu inavyonyonya mvua, mpaka damu inapungukiwa. Wakampa kalsiamu kwenye mshipa, kisha vidonge.

Hapo ndipo penye langu, shemeji, maana nawe ulitoa lako. Vidonge hivyo ni vilevile. Vile vya kuimarisha mifupa nilivyokuwa nikimtumia tangu mwaka juzi, nikijivuna kwamba namtunza dada yangu. Ni kalsiamu. Mtu anazama, mimi namtilia maji. Na sindano zangu za maumivu, pamoja na vidonge vya maumivu nilivyompa abebe nyumbani, vinaumiza figo. Nilizitia figo zilizochoka mzigo mwingine, mara tatu. Nilikuandikia "nimeagizwa kusimamisha dawa zote" kana kwamba dawa zile zilitoka mbinguni. Zilitoka mkononi mwangu. Kama angekuwa mgeni, aliyekuja na mawe mara tatu, huenda ningemwandikia rufaa. Lakini ni dada, namjua, nitamtibu mwenyewe nyumbani.

Figo zimerudi mpaka asilimia arobaini na mbili. Kilichosinyaa hakitarudi. Atapimwa damu kila miezi mitatu, shinikizo la damu lichungwe, chumvi ipungue, na dawa za maumivu za dukani asizisogelee maisha yake yote. Tukifanya hivyo, daktari anasema, anaweza kuishi miaka mingi bila mashine. Tukifanya hivyo.

Nimemweleza yote jana. Nililia, mimi. Yeye alinitazama, akaniambia nimpe taulo, kisha akaniambia taulo si lake, ni langu.

Tabibu


9 Aprili

Mke wangu Mwalimu,

Nimeanza barua hii mara nne. Randa naijua kuliko kalamu.

Kaka yako ameniandikia kila kitu. Nimeelewa sasa. Miaka yote nilidhani umenichoka, kumbe ni tezi. Ule ukali, kule kununa, siku uliyomwaga gundi yangu sakafuni, ulivyomwambia mama yangu anyamaze mbele ya wageni, siku ya ile barua ya shule na maneno uliyoniambia. Yote nimekusamehe. Yote. Hukuwa wewe. Ulikuwa ugonjwa unasema kwa mdomo wako.

Rudi nyumbani. Nimepaka chumba rangi, nimetengeneza upya lile dirisha, sasa linafunguka kwa kidole kimoja. Binti amerudisha vitabu vyake sebuleni. Hutafanya kazi yoyote. Utakaa tu, utunzwe, nami nitakuletea kila kitu mkononi.

Tusiyataje tena yaliyopita. Tuanze upya.

Mumeo


20 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye baraza ya kaka, jua likinipiga miguuni. Naandika mwenyewe. Mkono ni wangu, na hii ndiyo barua ya kwanza katika mkururo wote huu kutoka kwangu. Mmeandikiana wee kunihusu, wewe na kaka. Amenipa zote nizisome, hata ile uliyomwambia asiniambie. Usimkasirikie. Nilimwambia kama anataka nimsamehe vidonge, alete barua.

Kwanza nikushukuru. Ile barua yako ya kulalamika ndiyo iliyoniokoa. Kaka alinitazama kwa macho ya daktari miaka minne asione. Wewe ulinitazama kwa hasira na ukaona kila kitu. Sahani, maji, choo, dirisha. Sikujua kama ulikuwa unanitazama hivyo. Nilipofika pale pa bega nililia, na safari hii ninajua nililia kwa nini. Laiti ungeniuliza, "Unaumia wapi?" Laiti nami nisingenyamaza. Miaka miwili, mume wangu, kila mmoja anangoja mwenzake ageuke.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Umenisamehe yote kwa mkupuo, kama mtu anayefuta ubao mzima kwa sababu kuna hesabu mbili zimekosewa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nataka tupitie moja moja.

Gundi niliyoimwaga: kosa langu, na sijui hata kwa nini nilifanya vile. Huo ugonjwa ulikuwemo. Nisamehe. Mama yako niliyemnyamazisha: nimemwandikia mwenyewe. Siku zile nilizokaa na mkoba begani, nikisikia mnazungumza kana kwamba mko upande wa pili wa mto: ugonjwa. Uchukueni mkauzike, sina haja nao.

Siku ya barua ya kuacha kazi, hapana.

Huenda hata siku ile damu yangu ilikuwa imejaa madini. Sikatai. Pengine hayo madini ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kutamka. Lakini maneno yalikuwa yangu, niliyafikiria kabla ya kuyasema, na niliyasema nikijua nasema nini. Mwalimu mkuu alikuja kuangalia madawati, mkazungumza juu yangu kama mnavyozungumza juu ya mbao yenye ufa. Hukumwambia, "Mke wangu ni mgonjwa." Hukumwambia, "Ngoja nimuulize." Ulikwenda ukaandika, na ukanipa kalamu nikiwa siwezi kukaa wima. Miaka ishirini na mbili ya ualimu ikaishia kwenye karatasi isiyo na hata mwandiko wangu.

Leo asubuhi wamenipima tena. Kalsiamu ni 2.3. Nimelala vizuri, nimekula, siumwi popote. Nami narudia: ulikuwa mwoga.

Nimeandika hivyo na mbingu haijaanguka. Sikuandikii kwa chuki. Kama ningekuchukia ningekuachia ule msamaha wako ukae hapo hapo, mtamu, wa uongo, ukuozee ndani. Nakuambia kwa sababu nataka kurudi, na siwezi kurudi kwenye nyumba ambayo kila nitakapokasirika watu watatafuta karatasi ya maabara. Nitakasirika tena, mume wangu. Nitakasirika nikiwa mzima.

Na hilo la kukaa tu nikaletewa kila kitu mkononi, liache. Daktari amenichorea mstari wa figo zangu, unashuka lakini kwa mteremko mdogo. Nimeuhesabu. Ukibaki hivyo nitafika miaka sabini na figo za kunitosha. Ukibadilika, nitahesabu upya. Nitachunga chumvi, nitameza dawa zangu, nitakwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, na dawa za maumivu za dukani ukiniona nazo ninyang'anye. Katika hayo nitunze, nitafurahi. Mengine niachie.

Kaka anataka kuwafundisha wauguzi wake kwa kisa changu. Nimemruhusu kwa sharti moja: asianze na "mgonjwa mmoja, mwanamke, mgomvi." Aanze na mwalimu wa hesabu aliyekuja na mawe mara tatu. Ameniahidi. Tangu hapo kila anayekuja na jiwe anaulizwa maswali mpaka anaomba aachiwe aende zake. Mama Zamu anasema foleni sasa inafika getini, na lawama zote ni zangu.

Sikuambii ufanye nini. Unajua barua ile iliandikwa na nani, na mwalimu mkuu hajui.

Mbusu binti. Mwambie sauti yake kwenye simu imekua.

Mwalimu


27 Aprili

Mwalimu,

Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili niliharibu mlango mzuri wa mteja kwa kukata upande usio wake. Ya tatu nikavaa shati nikaenda shule.

Nilimkuta mwalimu mkuu ofisini, walimu wawili wapo. Nilitaka kungoja watoke. Kisha nikaona, kama nilikuwa mwoga mbele ya mtu mmoja, ni haki nisimame mbele ya watatu. Nikasema, "Barua ya mke wangu ya kuacha kazi niliiandika mimi. Hakuniomba. Alikuwa mgonjwa wa tezi na figo, amelala, nami badala ya kumtafutia hospitali nilimtafutia kalamu." Mwalimu mmoja akatazama dirishani.

Nikaacha vyeti vya hospitali alivyonitumia kaka yako. Mwalimu mkuu akavisoma muda mrefu. Akasema nafasi yako imeshajazwa. Lakini kuna darasa la watoto wadogo, vipindi vya asubuhi tu, mwalimu wao anaondoka mwezi ujao. Akasema anajua si darasa lako na si hadhi yako, ila anaweza kukuandikia leo hii. Akaniuliza, "Atakubali?"

Ulimi ulishafika kwenye meno. Nilitaka kusema ndiyo, nikushikie nafasi isipotee.

Nikamwambia, "Sijui. Muulize mwenyewe."

Nimemwachia anwani ya kaka yako.

Mumeo